Kuondoa Apache, MySQL na dnsmasq kwenye seva ya shule, na kuirudisha mashine ilivyokuwa

Seva ya maabara yetu ya kompyuta ni Dell ya mezani iliyokwishatumika, yenye kumbukumbu ya GB 8, na inakaa juu ya kabati la chuma karibu na dirisha la uwanjani. Inaendesha Ubuntu 22.04. Imebeba mambo manne: maktaba ya vitabu ambayo wanafunzi huisoma kwa kivinjari, hifadhidata ya alama za mitihani iliyo ndani ya MySQL, phpMyAdmin ya kuichungulia hifadhidata hiyo kupitia Apache (programu inayotoa kurasa kwa kivinjari), na dnsmasq inayogawa anwani za mtandao kwa kompyuta 22 za wanafunzi. Muhula huu uongozi uliamua alama zihamie kwenye mfumo mwingine na seva ibaki ghala la mafaili tu. Kazi ya kuvitoa vya zamani ikaniangukia mimi, mwalimu wa fizikia ninayeshika na TEHAMA.

Namwandikia mwalimu mwenzangu aliye na mashine ya namna hii na hana fundi wa kumpigia simu. Jambo ninalotaka ulishike tangu mwanzo ni hili: apt, chombo cha Ubuntu cha kuweka na kuondoa vifurushi vya programu, huondoa kile ilichokileta yenyewe. Faili ulilolihariri kwa mkono, ratiba uliyoiweka, poti (mlango wa mtandao) uliyoifungua, mstari uliouongeza ili programu mbili zisigombane, hivyo vyote apt haivijui na itaviacha palepale. Ndiyo maana amri yenyewe ya kuondoa inachukua dakika mbili, na mimi nilitumia siku mbili.

Kwanza, mashine imefanyiwa nini?

Kijana aliyeisimika seva yetu alishahama mkoa, na hakuacha maandishi. Bahati nzuri apt ina daftari lake:

    zgrep -h Commandline /var/log/apt/history.log*

Hapo utaona kila amri ya apt iliyotolewa, mpaka mwaka mmoja hivi nyuma, kwa sababu mashine hufunga daftari hilo kila mwezi na kubakiza kumi na mbili. Kwa vya zamani zaidi, omba orodha ya vifurushi vinavyohesabika kuwa vimewekwa kwa makusudi, tofauti na vile vilivyofuata nyuma kama tegemezi:

    apt-mark showmanual

Orodha itakuwa ndefu, maana na vya mfumo wenyewe vimo. Isome taratibu ukiwa na kalamu.

Halafu tafuta alama za mkono wa mtu:

    sudo dpkg -V

Amri hii hulinganisha mafaili yaliyopo sasa na yalivyokuja ndani ya vifurushi. Ikinyamaza, hakuna kilichobadilika. Kwangu ilitoa mistari mitatu, na mmoja wao ulikuwa huu:

    ??5??????   c /etc/systemd/resolved.conf

Hiyo 5 inasema yaliyomo ndani ya faili hayalingani tena na ya awali, na hiyo c inasema ni faili la mipangilio. Mstari huo mmoja ulitosha kuniambia kuwa kuna mtu aliingilia namna mashine inavyotafuta majina ya intaneti. Nilinakili mistari yote mitatu kwenye daftari, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa orodha yangu ya vitu vya kurudisha.

Mwisho wa upelelezi ni poti:

    sudo ss -tulpn

Kwetu 80 ilishikwa na apache2, 3306 na mysqld, 53 na 67 na dnsmasq, na 22 na sshd, ambayo ni njia ya kuingia kwenye mashine ukiwa mbali. Piga picha skrini hiyo kwa simu. Utaihitaji siku ya mwisho.

Nakala, na kuhakikisha nakala ni nzima

Nilipokuwa naandaa flashi, mwalimu wa taaluma aliingia maabara. "Mwalimu, matokeo ya kidato cha pili ya mwaka juzi yamo humo?" Nikamwambia yamo. "Basi yakipotea hayo, mimi na wewe tutaitwa wote." Alisema kwa upole, lakini alikuwa sahihi. Ndani ya mashine ile kuna kazi ya walimu kumi na wanne, na alama za watoto ambao wengine wameshaondoka na siku moja watarudi kuziulizia.

    sudo mysqldump --all-databases --single-transaction --routines --events > alama.sql
    tail -1 alama.sql

Amri ya pili ndiyo watu wengi huiruka. Nakala iliyokamilika humalizikia kwa mstari unaoanza na `-- Dump completed on`, ukifuatiwa na tarehe na saa. Ukikosa mstari huo, umeme ulikatika katikati au diski ilijaa, na ulicho nacho ni nusu ya hifadhidata. Baada ya hapo nililipeleka faili kwenye kompyuta yangu, nikaliingiza kwenye MySQL ya huko na kufungua jedwali la kidato cha pili, nikahesabu majina. Nakala ambayo hujawahi kuifungua usiiite nakala.

Chukua pia mipangilio yote ya mashine na kurasa za tovuti:

    sudo tar -czpf etc-kabla.tar.gz /etc
    sudo tar -czpf kurasa-kabla.tar.gz /var/www

Mafaili haya yote matatu niliyatia kwenye flashi mbili, moja ikafungiwa ofisini kwa Mkuu. Kama flashi yako ni ya FAT32, kumbuka haipokei faili moja linalozidi GB 4.

Ratiba kabla ya hifadhidata

Hapa naomba uwe makini kuliko mahali pengine popote, kwa sababu hasara yake haipigi kelele. Tazama ratiba za mashine:

    sudo crontab -l
    ls /etc/cron.d

Kwetu kulikuwa na mstari wa saa nane usiku uliofanya mysqldump na kuandika juu ya faili lilelile la nakala kila siku, kwa alama ya `>`. Sasa fikiria MySQL imeshaondolewa na mstari huu umebaki. Saa nane usiku ikifika, mashine kwanza inalifungua faili la nakala na kulifuta lililo ndani ili liwe tayari kupokea, ndipo inaitafuta mysqldump na kuikosa. Asubuhi una faili la baiti sifuri mahali palipokuwa na nakala yako nzuri. Ile hatua ya kufuta hutangulia daima, hata kama amri yenyewe haipo. Kwa hiyo ratiba inaondoka kwanza, kwa `sudo crontab -e`, na hifadhidata baadaye.

dnsmasq: mahali nilipoumia

Mwaka jana niliitwa kusaidia shule nyingine iliyokuwa na mpango kama wetu. Ilikuwa Ijumaa jioni. Niliondoa dnsmasq, nikajaribu kompyuta mbili tatu za wanafunzi, zote zikafika kwenye ruta na kwenye printa bila shida. Nikaondoka nimeridhika. Jumatatu saa mbili asubuhi nikapigiwa simu: darasa zima limekaa, hakuna kompyuta hata moja inayouona mtandao, na zote zina anwani zinazoanza na 169.254.

Sababu yake ni rahisi ukishaijua. dnsmasq huikopesha kila kompyuta anwani kwa muda maalumu, na pale muda uliowekwa ulikuwa saa 12. Jioni ile kompyuta zilikuwa bado zinaishi kwa mkopo. Jumatatu mkopo ulikuwa umekwisha, mkopeshaji hayupo, na Windows ikikosa mtu wa kuipa anwani hujipa yenyewe hiyo ya 169.254, ambayo haifiki hata kwenye ruta. Nimeliona darasa la watoto arobaini likikaa mbele ya skrini kipindi kizima bila kazi, na sitaki likupate.

Na ndani ya seva yenyewe kulikuwa na tatizo la pili. Kila nilipoagiza apt kitu ilinijibu `Temporary failure resolving 'archive.ubuntu.com'`. Ping kwenda 1.1.1.1 ilipita, ping kwenda kwenye jina ilikataa. Seva ilikuwa inamuuliza dnsmasq majina yote, na dnsmasq nilikuwa nimeshamwondoa.

Kwa hiyo safari hii niliufuata mpangilio huu: zima, rudisha, jaribu, ndipo uondoe. Vifurushi bado viko kwenye mashine, ukikwama unawasha tena na unarudi ulipokuwa.

Anza na kugawa anwani. Ingia kwenye ukurasa wa ruta na uandae DHCP yake, yaani huduma ya kugawa anwani, iwe tayari kuwashwa. Seva yetu ina anwani ya kudumu, 192.168.1.10, kwa hiyo niliipangia ruta igawe kuanzia 192.168.1.100 hadi 192.168.1.199, isije ikampa mtu anwani ya seva. Usiiwashe kwanza, wagawaji wawili kwenye mtandao mmoja watakuchanganyia kompyuta. Zima dnsmasq:

    sudo systemctl disable --now dnsmasq

Kisha washa DHCP ya ruta mara moja. Kwenye kompyuta moja ya mwanafunzi, andika `ipconfig /release`, halafu `ipconfig /renew`. Ikipata anwani ya mia na kitu, imekubali. Ongeza `ipconfig /flushdns`, maana bado inakumbuka jina la maktaba ya zamani.

Sasa majina ya seva yenyewe. Tazama faili hili:

    ls -l /etc/resolv.conf

Kwenye Ubuntu 22.04 ambayo haijaguswa, hili si faili kamili. Ni kiungo kinachoelekea `../run/systemd/resolve/stub-resolv.conf`. Kwetu lilikuwa faili kweli, na ndani yake mstari mmoja: `nameserver 127.0.0.1`. Nikataka kulifuta, mashine ikakataa: `Operation not permitted`. Nilikuwa natumia sudo, mwenye mamlaka yote, na bado nimekataliwa. Ukifika hapo usianze kubahatisha ruhusa za folda. Andika:

    lsattr /etc/resolv.conf

Ukiona herufi i katikati ya vistari, faili limefungwa lisibadilishwe na yeyote. Aliyesimika dnsmasq alilifunga ili mfumo usiliandike upya. Lifungue, lifute, urudishe kiungo:

    sudo chattr -i /etc/resolv.conf
    sudo rm /etc/resolv.conf
    sudo ln -s ../run/systemd/resolve/stub-resolv.conf /etc/resolv.conf

Halafu lile faili la resolved.conf lililotajwa na dpkg. Ndani yake mtu aliandika `DNSStubListener=no`, ili poti 53 ibaki wazi kwa ajili ya dnsmasq. Mstari wa asili ni `#DNSStubListener=yes`, pamoja na hiyo alama ya reli mbele. Niliurudisha herufi kwa herufi, kisha nikaendesha tena `sudo dpkg -V`, na mstari wa resolved.conf haukutokea. Huko kutotokea ndiko kunakokuhakikishia kuwa faili limerudi kama lilivyotoka kiwandani.

Bado kuna mahali pa tatu, kwenye `/etc/netplan`. Faili la huko lilikuwa linaiambia seva kuwa mtu wa kumuuliza majina ni 127.0.0.1. Nikaweka anwani ya ruta, 192.168.1.1, anwani ya kudumu ya seva nikaiacha kama ilivyo. Usitumie `netplan apply` ukiwa mbali na mashine. Tumia hii:

    sudo netplan try

Inaweka mipangilio mipya na kukusubiri sekunde 120 uikubali kwa kubonyeza Enter. Ukiwa umejifungia nje, usibonyeze chochote, itarudi yenyewe kwenye ya zamani.

    sudo systemctl enable systemd-resolved
    sudo systemctl restart systemd-resolved
    resolvectl query archive.ubuntu.com

Jina likijibiwa kwa anwani, sasa dnsmasq inaweza kwenda:

    sudo apt purge dnsmasq

Huenda ikakuonya kuwa folda `/etc/dnsmasq.d` haikuondolewa kwa kuwa si tupu. Ni yale mafaili ya mkono niliyoyasema. Nakala yake unayo kwenye etc-kabla, kwa hiyo yafute. Kifurushi cha dnsmasq-base kiache kwanza, kuna programu nyingine hukitegemea. Kama hakitegemewi na kitu, autoremove, amri ya kuondoa tegemezi zisizohitajika tena, itakitaja mwishoni.

phpMyAdmin, Apache na MySQL

Hapa kilicho muhimu ni nani atangulie. phpMyAdmin iondoke MySQL ikiwa bado hai, kwa sababu inapoondoka huomba kuifuta hifadhidata yake ndogo. Ukiua MySQL kwanza, itakwama katikati na kukuachia kifurushi nusu.

    sudo apt purge phpmyadmin

Kabla ya Apache, shughulikia ukuta wa moto (ufw), unaoamua poti zipi zifikiwe. Kwetu kanuni iliwekwa kwa jina la 'Apache Full', na jina hilo linatokana na vifurushi vya Apache vyenyewe. Vikishaondoka, ufw haitalitambua tena jina hilo ukitaka kuifuta kanuni.

    sudo ufw delete allow 'Apache Full'
    sudo ufw status numbered

Kanuni zilizobaki za poti 53 na 67 nilizifuta kwa namba, nikianzia namba kubwa kushuka chini, maana ukifuta ya 2, ya 3 inakuwa ya 2. Ile ya OpenSSH usiiguse.

Apache na PHP nilianza kwa kuigiza:

    apt -s purge apache2 apache2-bin apache2-data apache2-utils libapache2-mod-php8.1 php8.1 php

Hiyo -s haiondoi kitu, inakuonyesha tu kitakachotokea. Soma hasa sehemu inayotaja vifurushi vipya vitakavyowekwa. Ndiyo, vipya: apt ikiondoa kimoja huweza kuleta kingine kikishikie nafasi, na PHP ina tabia hiyo, ukiitoa sehemu inayoiunganisha na Apache itataka kukuletea namna nyingine ya kuendesha PHP. Ndiyo maana nilizitaja na php8.1 na php kwenye mstari uleule. Orodha ikikuridhisha, rudia kwa sudo bila -s.

Tofauti ya remove na purge ni mipangilio. remove huacha mafaili ya /etc, purge huyachukua. Lakini purge haigusi kurasa ulizoziweka mwenyewe `/var/www`, na mtumiaji anayeitwa www-data naye atabaki. Mwache. Ni wa mfumo, alikuwepo kabla Apache haijawekwa.

    sudo apt purge mysql-server mysql-server-8.0 mysql-server-core-8.0 mysql-client-8.0 mysql-client-core-8.0

Katikati utaulizwa kama hifadhidata zote zifutwe. Jibu hapana, hata kama nakala unayo. Folda ikibaki, ibadilishe jina:

    sudo mv /var/lib/mysql /var/lib/mysql.zamani

Usiandike `mysql*` kwa uvivu. Nyota hiyo hukusanya na mysql-common, ambayo programu nyingine huitegemea, na utashangaa nini kingine kimeondoka.

Mabaki

    dpkg -l | grep '^rc'
    sudo apt purge '~c'
    sudo apt autoremove

rc ni kifurushi kilichoondoka na kuacha mipangilio. Kwetu vilikuwa saba, vingine vya zamani kabisa. Orodha ya autoremove isome kabla ya kukubali.

Maktaba ya vitabu ilikuwa na faili lake la huduma ndani ya `/etc/systemd/system`, lililoandikwa kwa mkono. Lizime kwa `systemctl disable --now`, lifute, kisha `sudo systemctl daemon-reload` na `sudo systemctl reset-failed`.

Kwenye `/etc/sysctl.d` nilikuta faili lililoweka vm.swappiness (jinsi mashine inavyopenda kuhamishia kumbukumbu kwenye diski) kuwa 10. Nikalifuta, nikaendesha `sudo sysctl --system`, nikauliza tena: bado 10. Amri hiyo husoma mafaili yaliyopo, haikumbuki thamani ya awali ya kitu ambacho faili lake halipo tena. Mashine ikiwashwa upya hurudi 60.

Basi niliiwasha upya, nikaikalia.

    systemctl --failed
    sudo ss -tulpn

Ya kwanza ikajibu sifuri. Ya pili nikaiweka kando ya ile picha ya simu. Zilibaki mbili tu: 22 ya sshd, na 53 iliyofungiwa ndani ya mashine yenyewe kwenye 127.0.0.53, ambayo ndiyo ya mfumo. Kisha nikazima kompyuta zote 22 za wanafunzi, nikaenda nyumbani, na asubuhi nikafika saa moja kasoro robo, kabla ya gwaride. Niliziwasha moja moja nikisoma anwani. Ya kwanza ilipata 192.168.1.100, ya mwisho 192.168.1.121.

Folda ya mysql.zamani bado ipo. Nimemwambia mwalimu wa taaluma aulinganishe mfumo mpya na karatasi zake, kidato kwa kidato, na asaini kwenye daftari la maabara kila anapomaliza. Amebakiza kidato cha nne. Akisaini hicho, nitaifuta.